Ukaguzi wa Usalama Mahali pa Kazi: Mambo ya Kuzingatiwa na Waajiri wa Murusagamba

Waajiri wa Tarafa ya Murusagamba na maeneo mengine ya Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wana wajibu wa kisheria wa kulinda usalama na afya za wafanyakazi wao. Wajibu huo haupimwi kwa ukubwa wa shughuli. Mashine ya kusaga nafaka, karakana ya useremala, kinu cha kukoboa kahawa na eneo la ujenzi wa darasa ni sehemu za kazi kama kilivyo kiwanda kikubwa cha mjini.

Usimamizi wa suala hili upo chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001 na ambao uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wakala hutekeleza Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Kwa upande wa migodi, Tume ya Madini nayo husimamia usalama wa wachimbaji.

Maandalizi kabla ya ukaguzi

Hatua ya kwanza ni kusajili eneo la kazi OSHA na kutunza cheti cha usajili mahali panapofikika. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa kuteua kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Aidha, anapaswa kufanya tathmini ya vihatarishi, kuwapima afya wafanyakazi, kuwapa vifaa kinga na kuwa na sanduku la huduma ya kwanza.

Kumbukumbu ndizo humsaidia mwajiri siku ya ukaguzi. Inashauriwa kuwa na jalada moja lenye orodha ya wafanyakazi, taarifa za mafunzo, tarehe za matengenezo ya mashine, matokeo ya tathmini ya vihatarishi na daftari la ajali. Matukio madogo nayo yaandikwe. Mkanda wa mashine uliokaribia kunasa nguo ya mfanyakazi leo ni onyo la ajali ya kesho.

Mkaguzi anapofika

Sheria inampa mkaguzi mamlaka ya kuingia katika eneo la kazi, kukagua mashine na nyaraka, na kuwahoji watu waliopo. Mwajiri anayo haki ya kuomba kuona kitambulisho cha mkaguzi kabla ya kumpokea. Baada ya hapo ampe ushirikiano, amwongoze akiwa pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi, na aandike kasoro zinazotajwa. Wafanyakazi waachwe wajibu maswali kwa uhuru, bila kufundishwa la kusema wala kutishwa.

Mkaguzi akibaini kasoro, anaweza kumtaka mwajiri azirekebishe ndani ya muda maalumu, au kuzuia matumizi ya mashine yenye hatari ya mara moja. Kasoro ikirekebishwa, mwajiri aijulishe OSHA kwa maandishi na kuambatisha uthibitisho.

Ajali inapotokea

Kazi ya kwanza ni kuokoa maisha: kuzima mashine, kukata umeme, kutoa huduma ya kwanza na kumfikisha majeruhi katika kituo cha afya. Baada ya hapo eneo la tukio liachwe kama lilivyo hadi wachunguzi wafike. Kusafisha damu, kurudisha kinga ya mkanda iliyokuwa imeondolewa, au kuandika upya daftari la ajali ni kuharibu ushahidi, na humweka mwajiri katika hali mbaya kuliko kasoro yenyewe.

Ajali iliyosababisha kifo au iliyomfanya mfanyakazi ashindwe kufanya kazi itolewe taarifa OSHA bila kuchelewa. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Umbali huo si sababu ya kusubiri.

Taarifa nyingine hupelekwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008. Mwajiri anatakiwa kuitoa ndani ya siku 7 tangu alipofahamu ajali. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, na hauruhusiwi kukatwa katika mshahara wa mfanyakazi.

Taarifa hizo ndizo msingi wa matibabu na fidia ya majeruhi, au ya wategemezi wake endapo amefariki. Mwajiri akiificha ajali, mjane na watoto ndio hubaki wakihangaika kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa kazini.

Mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani lilitambua mazingira salama na yenye afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Mwajiri anayeiheshimu haki hiyo kila siku hana sababu ya kuuogopa ukaguzi.