Mivukuto ya Wafua Chuma wa Ufipa

Kabla ya majembe ya kiwandani kuenea, Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania waliyeyusha chuma chao wenyewe. Tanuri kubwa, lililoitwa ilungu, lilijengwa kwa udongo likafikia kimo cha mita 3 hivi. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila kuvukutwa. Huo ni ustadi wa hali ya juu.

Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka nyingi. Kilisafishwa katika kitanuri kidogo, kintengwe, na hapo ndipo jasho lilipotoka. Mvukutaji alikaa mbele ya moto, akainua na kushusha mivukuto ya ngozi mkono baada ya mkono, kwa mwendo usiokatika. Hewa ikipungua, joto hushuka na kazi huharibika. Kazi ya namna hii hupandisha mapigo ya moyo na kuharakisha pumzi kama kupiga makasia, tena kwenye uwanda wa Ufipa ulio mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi.

Kisha mhunzi alifua majembe, yaliyotumika shambani na kutolewa kama mahari. Shambani nako jembe hilo lilidai nguvu za mwili: wakulima walilitumia kufukia nyasi chini ya matuta ya mviringo, intumba, zioze na kurutubisha ardhi.

Bidhaa za chuma kutoka ng'ambo ziliua uyeyushaji huo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kilimo cha matuta kilidumu zaidi.