Chikungunya: Kutoka Newala 1953 hadi kihisi cha mwanga

Homa ya ghafla na viungo vinavyouma hadi mgonjwa anatembea amejikunja. Ni malaria, dengi au chikungunya? Kwa kutazama tu ni ngumu kujua.

Ilitambuliwa wapi?

Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja. Maji yalikuwa shida, watu wakayahifadhi majumbani, na mbu aina ya Aedes aegypti wakazaliana humo.

Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Newala. Mtafiti R. W. Ross aliwadunga panya wachanga damu hiyo ndipo akavipata virusi. Matokeo yalichapishwa 1956.

Kihisi kinafanyaje kazi?

Chukua kioo kidogo kilichopakwa dhahabu nyembamba sana. Juu yake hubandikwa kingamwili zinazonasa virusi vya aina moja tu. Tone la damu likipita na virusi vikanasa, mwanga unaorudi kutoka kwenye dhahabu hubadilika, na kifaa husoma mabadiliko hayo. Watafiti wa Linköping, Sweden, walionyesha 1983 kwamba njia hii inaweza kutambua protini. Siku hizi kazi kubwa ni kukipunguza kifaa kitoshe mkononi, hata kisomwe kwa kamera ya simu.

Ndugu yake unamjua

Kile kipimo cha haraka cha malaria kwenye zahanati kinafuata wazo linalofanana: kingamwili hunasa, rangi huonekana. Kwenye vipimo vingi, ule mstari mwekundu ni chembe ndogo mno za dhahabu. Lakini vihisi vya mwanga vya chikungunya, vingi bado viko maabara za utafiti.

Kwa nini ni muhimu?

Maumivu ya viungo humfanya mtu akimbilie aspirini au ibuprofeni. Kama kumbe ni dengi, dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Ndiyo maana hushauriwa kutumia paracetamol hadi dengi iondolewe kwenye orodha.

Ukiugua, uwe Masasi, Newala au kwingine, wahi kituo cha afya na utaje siku homa ilipoanza. Virusi huonekana vizuri zaidi kwenye damu wiki ya kwanza. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili.