Pasipoti Kabla ya Umahiri: Mwalimu wa Kiingereza kutoka Afrika Mashariki na Ajira ya Kwanza Ughaibuni

Ikisiri

Makala hii inachunguza kwa nini mhitimu wa ualimu wa Kiingereza kutoka Afrika Mashariki hukwama anapotafuta ajira yake ya kwanza nje ya nchi. Hoja yake kuu ni kwamba kinachoitwa ushindani wa soko kina vichujio vitatu ndani yake: sheria ya uhamiaji, matakwa ya mteja na umahiri wa mwombaji. Ushauri anaopewa mhitimu hulenga kichujio cha tatu, ilhali mara nyingi huwa ameshaangushwa na cha kwanza. Makala inahitimisha kwamba kazi ya kulegeza kichujio cha kwanza ni ya serikali, na kwamba kwa sasa soko la majirani linastahili kupewa uzito zaidi ya linavyopewa.

Utangulizi

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinatoa walimu wengi kuliko nafasi ambazo serikali zinatangaza. Nchini Kenya walimu waliosajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu wakakosa ajira ya kudumu wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wengi walioingia shule za sekondari ya msingi kuanzia 2023 waliingia kama wanagenzi, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania nayo ina wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira mwaka baada ya mwaka. Si ajabu basi kwamba mwenye shahada ya ualimu wa Kiingereza huanza kutazama Seoul, Bangkok au Shanghai, ambako lugha anayoifundisha inauzwa kwa bei nzuri.

Anapoomba ushauri huambiwa maneno yale yale: soko lina ushindani, kwa hiyo ongeza cheti, rekebisha wasifu wako, jifunze kujieleza mbele ya kamera. Ushauri huo unachukulia kwamba waombaji wote wamesimama kwenye mstari mmoja na mwenye sifa bora ndiye atakayechukuliwa. Dhana hiyo ndiyo ninayoipinga hapa. Katika sehemu kubwa ya soko hili mashindano hufanyika baada ya kundi zima la waombaji kuondolewa, na kinachowaondoa ni pasipoti.

Kanuni iliyotiwa muhuri Makerere

Wazo kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzungumzaji mzawa lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko Kampala. Januari 1961, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza, wajumbe wa Jumuiya ya Madola walikutana katika Chuo cha Makerere kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu ubeberu wa kiisimu, alichambua ripoti ya mkutano huo na kuona kuwa imesimama juu ya kanuni tano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, mwalimu anayefaa zaidi ni mzawa, kianze mapema iwezekanavyo, kifundishwe kwa wingi iwezekanavyo, na lugha nyingine zikitumika sana, viwango vya Kiingereza vitashuka. Zote tano Phillipson aliziita imani potofu.

Hakuwa peke yake. Braj Kachru alikwisha kuonyesha mwaka 1985 kwamba Kiingereza kina vituo vingi, zikiwemo nchi kama India na Kenya ambako kinatumika mashuleni, mahakamani na bungeni bila kuwa lugha ya kwanza ya wananchi walio wengi. Péter Medgyes, aliyeandika kutoka Hungaria, alisisitiza kwamba mwalimu aliyejifunza lugha darasani anazo faida ambazo mzawa hana: anajua mahali mwanafunzi atakapojikwaa kwa sababu yeye mwenyewe alipita hapo. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko rasmi la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa.

Kwa wanataaluma, kwa hiyo, mjadala huu umekwisha pevuka. Kwenye ajira haujapevuka. Utafiti wa Clark na Paran wa 2007 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi mbili ya waajiri waliohojiwa Uingereza waliuona uzawa wa lugha kuwa kigezo chenye uzito katika kuajiri. Uchambuzi wa Ali Fuad Selvi wa 2010 ulikuta sharti hilo katika zaidi ya nusu ya matangazo ya kazi aliyoyapitia, yakiwemo yale yaliyotangazwa kwenye tovuti ya chama kile kile kilicholaani ubaguzi. Hapa pana kejeli ya kihistoria: kanuni iliyopata baraka katika chuo cha Afrika Mashariki leo inawafungia nje wahitimu wa vyuo vya Afrika Mashariki.

Kichujio cha kwanza: sheria

Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Viza ya kufundisha lugha inayojulikana kama E-2 hutolewa, kwa upande wa Kiingereza, kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mwenye shahada yoyote kutoka nchi hizo anaweza kuomba, hata kama alisomea uhasibu na hajawahi kusimama mbele ya darasa. Mkenya aliyesomea ualimu wa Kiingereza na fasihi kwa miaka minne, akafanya mazoezi ya kufundisha na kusajiliwa, hawezi.

Mtetezi wa sheria hiyo atasema inalinda ubora wa lugha. Afrika Kusini inaidhoofisha hoja hiyo. Kwa mujibu wa sensa ya nchi hiyo ya 2022, Kiingereza ndiyo lugha inayozungumzwa zaidi nyumbani kwa asilimia 8.7 tu ya watu. Kizulu kiko mbele kwa mbali. Mpango wa serikali ya Korea wa kuajiri walimu wa shule za umma, EPIK, unalijua hilo, ndiyo maana unamtaka mwombaji kutoka Afrika Kusini athibitishe kwamba amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la saba. Mtoto wa Kenya, kwa sera ya elimu aliyokulia chini yake mhitimu wa leo, alianza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la nne. Anakitimiza kipimo hicho na kukizidi, lakini hafiki pa kupimwa.

Japani inapima kwa namna nyingine. Hadhi ya ukaazi inayomruhusu mgeni kufundisha lugha katika shule za kawaida humtaka awe amesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Kipimo hiki hakiulizi mtu alizaliwa wapi, kinauliza alisoma vipi, na matokeo yake kwetu yanatofautiana. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 ana miaka mitano ya shule ya msingi aliyofundishwa kwa Kiingereza, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu: jumla 13. Mtanzania wa shule ya serikali, aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, ana sita ya sekondari na mitatu ya chuo: jumla tisa. Ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili, na mshauri asiyeijua tofauti hiyo anampotezea Mtanzania muda.

China nayo, katika mwongozo wa vibali vya kazi uliotumika nchi nzima kuanzia Aprili 2017, iliweka msingi kwamba mwalimu mgeni wa lugha afundishe lugha yake ya mama, huku ikiacha nafasi finyu za kuepuka sharti hilo. Julai 2021 ikaja sera ya kupunguza mzigo wa masomo, iliyoyabana makampuni ya masomo ya ziada na kupiga marufuku kuajiri walimu walioko nje ya nchi kufundisha watoto wa China kupitia intaneti. Sera hiyo ilifunga mlango uliokuwa mpana, na walimu wenye uzoefu waliotoka humo wakawa washindani wa mtu anayetafuta kazi yake ya kwanza.

Sheria inapofunga, mawakala hufungua. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo baada ya vijana walioahidiwa kazi nzuri Thailand kujikuta wamevushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wakala anayemwambia mwalimu asafiri kwa viza ya utalii na kwamba kibali atakipata akifika anamwingiza katika hatari ya aina hiyo hiyo, hata kama shule anayoitaja ipo kweli.

Kichujio cha pili: mteja

Tuseme sheria inaruhusu. Thailand, kwa mfano, hupokea walimu wa Kiingereza kutoka Ufilipino, Kameruni, Kenya na Uganda. Huko mwombaji hukutana na mzazi anayelipa ada na mkurugenzi anayemwogopa mzazi huyo. Matangazo huomba picha, hutaja uzawa, na wakati mwingine huweka mishahara miwili kwa kazi moja: mmoja wa mzawa, mwingine wa asiye mzawa.

Mwenye shule ana jibu ambalo halipaswi kupuuzwa. Anafanya biashara; mzazi akitaka sura na lafudhi fulani, na shule jirani inavitoa, yeye atafunga mlango akishikilia msimamo wa haki. Ni kweli. Lakini ladha ya mteja haikuota yenyewe. Dola linapotamka kisheria kwamba watu wa nchi saba ndio walimu, linamfundisha mzazi nani ni mwalimu. Kwa hiyo kichujio cha pili ni mtoto wa cha kwanza, na kulilaumu soko peke yake ni kumwacha mtunga sheria aende zake.

Kichujio cha tatu: umahiri

Kosa kubwa upande wetu lingekuwa kudai kwamba, kwa kuwa vichujio viwili vya mwanzo si vya haki, cha tatu hakipo. Kipo. Wapo wahitimu wetu ambao Kiingereza chao cha kuandika kina dosari ambazo mwajiri yeyote makini angezikataa, na wapo waliofundishwa nadharia ya kufundisha na watu waliowafundisha kwa imla. Anayedai apimwe kwa umahiri lazima awe tayari kupimwa.

Hapa ndipo vyeti vinapohitaji kuchambuliwa. Cheti cha CELTA cha Cambridge, ambacho asili yake ni kozi iliyoanzishwa na John Haycraft jijini London mwaka 1962, kina angalau saa 120 za masomo, na ndani yake saa sita za kufundisha wanafunzi halisi mbele ya mkaguzi. Mtandaoni kunauzwa vyeti vingi vinavyotangaza saa 120 hizo hizo bila hata dakika moja ya kufundisha mtu. Mhitimu wa ualimu aliyekwisha fanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki kadhaa chini ya wakaguzi anaponunua cheti cha aina hiyo, ananunua kitu chenye uzito mdogo kuliko alichonacho. Anachokosa ni ushahidi: ripoti za wakaguzi, maandalio ya masomo, video ya somo, na alama za mtihani wa kimataifa wa lugha zinazoonyesha kiwango chake bila kujali pasipoti yake. Vyuo vyetu vina ripoti hizo kwenye makabati. Vingeweza kumpa kila mhitimu jalada lililothibitishwa, na gharama yake ingekuwa ndogo.

Soko la majirani

Mazungumzo ya ajira ughaibuni huiruka ramani iliyo karibu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Sudan Kusini ilikifanya Kiingereza lugha rasmi ilipopata uhuru mwaka 2011. Burundi ilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2014. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wafanyabiashara wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanahitaji lugha ya mikataba na forodha. Katika miji hiyo na Bujumbura, mwalimu anayejua Kiswahili anaweza kumweleza mwanafunzi tofauti ya nyakati za vitenzi kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Huo ni ujuzi ambao kanuni za Makerere ziliuona kuwa kizuizi.

Mishahara huko hailingani na ya Seoul, na hilo lisifichwe. Lakini kwa ajira ya kwanza, miaka miwili ya kufundisha yenye barua za uthibitisho ni mtaji. Mahitaji nayo yapo: mwaka 2022 Rwanda ilipokea walimu zaidi ya 150 wa masomo mbalimbali kutoka Zimbabwe, kwa makubaliano ya serikali mbili. Zimbabwe iko mbali na Kigali kuliko Kampala, Mwanza au Kisumu.

Inabidi pia kujikosoa kama ukanda. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 ikiahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi iliweka orodha yake ya kazi inazofungua. Tanzania, kwa sheria yake ya 2015 ya kudhibiti ajira za wasio raia, bado humdai mwalimu kutoka Kenya kibali cha kazi. Hatuwezi kuilaumu Seoul kwa kutazama pasipoti huku mpakani Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, tukifanya hivyo hivyo.

Mtihani mwingine uko kwenye lugha yetu. Mpango wa Fulbright wa Marekani huwachukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka Kenya na Tanzania kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Huko uzawa unatupendelea sisi. Kiswahili kikizidi kuhitajika duniani, Mmarekani au Mjapani aliyekisomea hadi kukimudu naye ataomba kazi. Tukimkataa kwa sababu hakuzaliwa Unguja wala Lamu, tutakuwa tumeikubali hoja inayotuumiza.

Hitimisho

Kichujio cha sheria hakilegezwi na cheti cha mtu mmoja. Hulegezwa na mazungumzo ya nchi na nchi. India ilifanya hivyo. Mkataba wake wa ushirikiano wa kiuchumi na Korea, ulioanza kutumika mwaka 2010, uliwafungulia mlango Wahindi wenye shahada na sifa za ualimu wa Kiingereza, ingawa India haimo katika zile nchi saba. Serikali zetu zilialikwa kwenye mkutano wa kilele wa Korea na Afrika Juni 2024, na mazungumzo ya biashara yanaendelea. Walimu wawekwe mezani pamoja na chai, kahawa na madini. Vyuo navyo vimpe mhitimu ushahidi wa kazi yake.

Kwa mhitimu mwenyewe, mpangilio ni huu: asome kwanza sheria ya viza ya nchi anayoitaka, ndipo alipe ada ya kozi yoyote; na akikuta jina la nchi yake halimo, asimlipe wakala anayemwambia limo.