Safari ya Ukoo, Tuanzie Kongwa

Likizo hii ya Juni ukoo wetu hauendi baharini. Tumekubaliana kuizunguka Ugogo, tuone walichoacha Mjerumani na Mwingereza, na kazi ya kupanga njia nimepewa mimi, kwa kuwa nilifundisha historia hadi nikastaafu na Mama anakaa kwangu hapa Dodoma. Mama ana miaka 85. Mtoto mdogo kabisa katika msafara ana mitano. Ukipanga safari ya watu kama hao, unaanza na vyoo, vivuli na mahali pa kuketi, ndipo historia ifuate.

Kaka yangu aliyeko Dar alitaka tufuate miaka: Mpwapwa ya 1889 kwanza, kisha stesheni ya Dodoma, Kongwa mwishoni. Ndivyo nilivyofundisha darasani, na darasani inafaa. Safari hii nimemkatalia. Tutaanza Kongwa, kwa kuwa mambo ya Kongwa ndiyo ambayo aliyeyaona kwa macho yake bado yuko nasi, na asubuhi ana nguvu za kusimulia.

Mwaka 1947, matrekta yalipoanza kufyeka pori la Kongwa, Mama alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha na Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company akaishawishi serikali yake kwamba karanga zinaweza kulimwa Tanganyika kwa mashine, katika mamilioni ya ekari. Wataalamu wakiongozwa na John Wakefield walitumwa kukagua ardhi, wakamaliza kazi kwa wiki chache tu na kutoa baraka zao. Zikaja mashine zilizochoshwa na vita, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Likajengwa tawi la reli kutoka Msagali. Mibuyu ikawasumbua, na nyuki waliokaa ndani yake wakawatimua wafanyakazi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika na jua likiwaka, unakakamaa kama sakafu ya saruji, na karanga zilizo chini hazing'oki. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 za Waingereza zikawa zimepotea.

Babu yangu alifanya kibarua huko, kazi ya kung'oa visiki. Mama anakumbuka vumbi na harufu ya dizeli kwenye nguo za baba yake, na anakumbuka wazee wakizungumza jioni nje ya tembe kuhusu wageni waliolima jangwani. Nilipomuuliza kama wazee hao walicheka, alinikatiza: "Hapana, mwanangu. Walisikitika. Sisi tulikuwa tunapanda uwele na mtama, nao walituona tunapanda. Hakuna aliyetuuliza kwa nini." Maneno hayo nataka wajukuu wayasikie kutoka kinywani mwake, wakiwa wamesimama juu ya udongo wenyewe. Nikiwasomea mimi hayatawafikia vivyo hivyo.

Kongwa pia ina sura ya pili ambayo mpangilio wa miaka ungetufanya tuifikie tukiwa hoi. Kuanzia 1964, majengo yaliyoachwa na mpango wa karanga, pamoja na stesheni ambayo haikuwa tena na treni, yaligeuzwa kambi za wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Mahali palepale walipopanga kumlisha Mwingereza, vijana walifunzwa kumwondoa mkoloni kusini mwa Afrika. Mpwa wangu wa kidato cha tatu anajua tarehe ya uhuru wa Msumbiji lakini hajui kwamba sehemu ya njia ya kuupata uhuru huo ilipita karibu na kwao. Hilo linaniuma, maana mimi ni mwalimu.

Kutoka Kongwa barabara inaendelea hadi Mpwapwa, na huko nitapita haraka kidogo. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wamekwisha kukaa hapo mwaka 1878. Misafara ya pwani ilipumzika Mpwapwa kwa sababu mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nchi kame ya kuvuka kabla ya kufika kwa watemi wa Kigogo waliotoza hongo. Wageni wengi waliandika kwa hasira juu ya hongo ile. Mimi naiona kuwa haki: msafara wa mamia ya watu na punda ulikunywa maji ya visima vilivyochimbwa na wenyeji, katika nchi yenye masika moja tu kwa mwaka. Mwaka 1889 Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alikishambulia kituo cha Wajerumani hapo, na kabla mwaka haujaisha Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akajenga ngome, Bushiri akanyongwa Pangani. Kaka akitaka kuwaeleza vijana habari za bunduki, nafasi hiyo ni yake. Mimi nitawapeleka kwenye utafiti wa mifugo, kazi iliyoanza Mpwapwa mwaka 1905, maana mjomba wetu bado anafuga ng'ombe wa aina ya Mpwapwa.

Wajukuu wa Dar watakuja kwa treni ya SGR. Kabla hawajazoea raha ile nataka wasimame kwenye stesheni ya zamani katikati ya mji wa Dodoma. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Kabla yake boma la utawala wa eneo hili lilikuwa Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Reli ilipochagua kupita Dodoma, utawala nao ulihama, na Kilimatinde ikabaki na misheni na hospitali. Kule tutakwenda siku ya mwisho, wenye magoti mazima tu. Mama atabaki Manyoni kwa binamu yake.

Kuna jambo moja ambalo halikuacha jengo lolote, na ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yalishuka kutoka Kondoa, na mwishoni mwa Julai yakaingia Dodoma. Kwanza Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa katika wilaya ya watu 150,000. Ugogo ilikuwa imeshazoea miaka mibaya. Ilijua kuweka akiba, kubadilishana ng'ombe kwa nafaka na majirani, kuhamia kwa ndugu wenye mvua. Vita viliziondoa njia hizo zote kwa pamoja. Kwa hiyo siwezi kukubali Mtunya ifundishwe kama ukame, hali ya hewa tu.

Bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa mtoto wakati huo, upande wa Mvumi. Nimeiweka Mvumi siku ya pili, ingawa kaka aliuliza tutaangalia nini huko. Tutaketi. Shangazi atapika ugali wa uwele na mlenda, na Mama atasimulia aliyosimuliwa: mizizi iliyochemshwa siku nzima, baba aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, safari ya kwenda kuomba chakula kwa watu wasiojulikana.

Nilikaa naye juzi tukapanga yapi yasemwe mbele ya mtoto wa miaka mitano. Amekubali mengi kuliko nilivyotarajia. Amekataa moja, habari ya watoto walioachwa kwenye nyumba za watu kwa malipo ya nafaka, kwa kuwa katika hao alikuwemo dada yake bibi. Hilo atawaambia wakubwa peke yao, wadogo wakishalala. Basi nimebadilisha ratiba, tutalala Mvumi usiku ule, na nimemwandikia kaka kwamba Kilimatinde inasogea hadi Jumapili.