Pango Lilelile, Macho Mengine: Historia ya Mchezo wa Colossal Cave na Suala la Kuitoa Upya Kazi ya Sanaa

Utangulizi

Sisi wahakiki tuna tabia ya kuzisahau kazi ambazo hazikuzaliwa ndani ya kitabu. Zamani tuliisahau hadithi ya bibi kando ya moto, mpaka walipotokea watu wa kutukumbusha kuwa ile nayo ni fasihi. Leo tunausahau mchezo wa kompyuta. Ukiutaja kwenye semina wenzako wanacheka: ati huo ni mchezo wa watoto, una uhusiano gani na fani na maudhui?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa uhusiano upo, tena wa karibu. Nitafuata historia ya mchezo mmoja wa kubuni, Colossal Cave, tangu ulipoanza kuandikwa Marekani mwaka 1975 hadi ulipotolewa upya kwa wachezaji wa leo Januari 2023. Swali langu ni hili: kazi ya kale inapotolewa upya kwa ajili ya watu wa sasa, nini kinabaki na nini kinapotea? Nimelishika swali hili kwa sababu kwetu Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, tumepakana na msitu wenye hadithi yake. Hadithi hiyo nayo imeanza kutokea katika maandishi ya utalii, imefupishwa na kusafishwa. Kwa hiyo suala la kutoa upya kwangu si la kwenye kompyuta tu.

Chimbuko

Aliyeuanzisha mchezo huu ni Will Crowther, mtaalamu wa programu katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Massachusetts. Alikuwa mmoja wa waliojenga ARPANET, mtandao ambao ni babu wa intaneti. Kazini alishughulika na mashine, lakini siku za mapumziko yeye na mkewe Patricia walikuwa watu wa kuingia mapangoni. Walishiriki katika kuchora ramani za mapango ya Kentucky, na mwaka 1972 Patricia alikuwa katika kundi lililogundua kuwa pango la Flint Ridge limeungana na lile la Mammoth.

Baadaye ndoa yao ilivunjika. Crowther akabaki na ramani kichwani na mabinti wawili aliowaona kwa nadra. Kati ya mwaka 1975 na 1976 akawaandikia mchezo: pango lilelile alilolijua, likiwa limevikwa uchawi kidogo, vibeti warusha shoka, na neno la ajabu XYZZY linalomhamisha mtu kutoka mahali hadi mahali. Programu nzima ilikuwa na mistari kama 700 ya lugha ya FORTRAN, na mingine kama hiyo ya maelezo.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mara nyingi tunafundishwa kutafuta chimbuko la kazi katika mfumo wa uchumi na siasa za wakati wake, na ni kweli kuwa bila fedha za jeshi la Marekani zilizoujenga ARPANET mchezo huu usingesambaa. Lakini chimbuko la karibu zaidi ni baba anayetaka kuwa na la kuzungumza na wanawe. Hiyo ndiyo hali ileile iliyozaa hadithi zetu nyingi: mtu mzima, watoto, na giza.

Giza lenyewe ni mhusika. Katika mchezo huu wa awali hakuna picha hata moja. Mashine inaandika maneno: upo mwisho wa barabara, mbele ya jengo dogo la matofali, kijito kinatiririka. Mchezaji anajibu kwa neno moja au mawili: ingia, chukua taa, nenda kusini. Akiingia pangoni bila mwanga huenda akaanguka shimoni. Anayesimulia anajitambulisha kuwa ndiye macho na mikono ya mchezaji. Anaona kwa niaba yake, kisha anangoja aambiwe cha kufanya. Msomaji wa fasihi simulizi hawezi kushindwa kuutambua mpangilio huu. Ni fanani na hadhira. Paukwa anasema mmoja, na asipopata pakawa hadithi haiendi.

Mkono wa pili na suala la matini

Kama ilivyo kwa tungo nyingi za kale, kazi hii haikubaki na mtunzi mmoja. Mwanafunzi wa Stanford, Don Woods, aliikuta katika kompyuta, akaipenda, akaona ina makosa. Jina la Crowther alilijua, mahali alipo hakupajua. Basi akatuma barua kwa jina “crowther” katika kila kompyuta iliyokuwa kwenye ARPANET, mpaka ikamfikia mwenyewe. Alipopewa ruhusa akaipanua: akaongeza vyumba, viumbe, hazina na alama 350 za kushindania. Toleo lake la mwaka 1977 ndilo lililoenea dunia nzima, na ndilo watu wengi hudhani kuwa ndio mchezo wa asili.

Na je, matini ya Crowther peke yake? Kwa miaka mingi ilidhaniwa imepotea. Mwaka 2007 mtafiti Dennis Jerz alichapisha utafiti wake baada ya nakala hiyo kupatikana katika hifadhi ya mafaili ya zamani ya Woods huko Stanford. Jerz alikwenda hadi Kentucky, akaingia pangoni, akalinganisha vyumba vya mchezo na miamba yenyewe, akathibitisha kuwa vyumba vingi vya Crowther vipo kweli. Sasa niambieni, kazi hii ina tofauti gani na ya mhariri wa utenzi anayelinganisha miswada miwili ya hati za Kiarabu ili ajue beti zipi ni za mtunzi na zipi za mnakili? Utaratibu ni uleule. Kilichobadilika ni karatasi tu.

Kutoka neno hadi picha

Mwaka 1979 mchezo huu ulimkuta Roberta Williams, mama kijana wa California, ambaye mumewe Ken alikuwa mtaalamu wa programu. Aliucheza hadi mwisho, akatamani mwingine. Mwaka 1980 yeye na Ken walitoa Mystery House, mchezo wa kwanza wa aina hii kuwa na picha, na baadaye kampuni yao iliyoitwa Sierra ikatoa King’s Quest mwaka 1984. Baada ya kampuni kuuzwa mwaka 1996 walistaafu. Walirudi uzeeni, na kazi waliyoichagua ilikuwa kulichora upya pango lile lililowaanzisha. Toleo lao la Colossal Cave lilitoka tarehe 19 Januari 2023. Sasa mchezaji anatembea pangoni kwa macho yake, anaona maji, ukungu na miamba. Sauti ya msimulizi ipo bado, inasikika, lakini kuandika amri kumekwisha.

Upo mwelekeo mwingine pia. Mwaka 2017 Eric Raymond, kwa idhini ya Crowther na Woods, alitoa hadharani matini ya toleo la mwisho la watunzi wenyewe, lile la mwaka 1995. Aliisafisha programu ili iende katika kompyuta za leo, akayaacha maneno yabaki maneno. Kwa hiyo tuna njia mbili za kutoa upya zilizosimama kando kwa kando: moja inamhifadhi fanani, nyingine inampa mchezaji macho yake mwenyewe.

Nitatoa mfano mmoja wa kinachobadilika. Katika matini ya zamani kuna joka kubwa. Mchezaji akiamuru liuawe, msimulizi anamuuliza kama kwa dhihaka: kwa mikono mitupu? Wengi huona aibu, wanakwenda kutafuta silaha. Anayejibu “ndiyo” anaambiwa joka limekufa. Fumbo lote liko ndani ya swali. Joka linachoreka, na mikono mitupu inachoreka, ila dhihaka haichoreki. Inahitaji mtu anayesema na mtu anayesemwa naye.

Msitu wa mtoto aliyepotea

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani na toleo la Raymond kwenye kompyuta ndogo ya kuazima. Jioni moja nikawasomea watoto wa boma, nikitafsiri kila sentensi kwa Kimaasai, nao wakiniambia cha kufanya. Bibi yangu, koko kama tunavyomwita kwetu, alikuwa amekaa pembeni na shughuli zake.

Tukafika mahali maarufu sana katika mchezo huu: mzingo wa vinjia ambavyo maelezo yake yote ni sawasawa. Unatoka chumba kimoja, unaingia kingine, mashine inarudia maneno yaleyale. Hujui kama umesogea. Dawa yake ni kudondosha kitu katika kila chumba ili ukirudi ukitambue. Mimi nilitumia siku mbili kuigundua dawa hiyo chuoni. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anachunga ndama alisema papo hapo: acha kitu, kama tunavyovunja vijiti msituni.

Koko ndipo alipoinua kichwa. Akauliza maswali mawili. La kwanza: “Huyu mtu alitoka?” La pili: “Na huyo anayekuambia ulipo, yeye ni nani, na mbona hapotei?”

Swali la kwanza nililielewa mara moja. Msitu wetu unaendelea hadi upande wa Kenya, na huko Loita unaitwa Naimina Enkiyio, msitu wa mtoto aliyepotea. Inasimuliwa kuwa binti mdogo alikuwa akichunga ndama. Ndama wakaingia msituni, naye akawafuata. Ndama walirudi nyumbani, binti hakurudi. Vijana walimtafuta wasimwone, hata leo. Hadithi hiyo haina alama 350 na haina neno la uchawi la kumrudisha mtu nyumbani. Kazi yake ni kumwambia mtoto kuwa msitu una heshima yake.

Swali la pili limenisumbua hadi leo, maana ndilo swali la uhakiki. Fanani wa mchezo hapotei kwa sababu pango ni lake. Fanani wa kwetu anajua msitu, lakini binti amempotea yeye pia, na sauti yake inalibeba hilo. Ukimwondoa fanani ukaleta picha nzuri ya miti, binti atabaki jina tu. Hapo ndipo ninapoona hatari ya hadithi yetu kutolewa upya na watu wasiojua iliposimuliwa ilikuwa inamwambia nani.

Nani anatolewa kwa ajili yake?

Hata hivyo tusiharakishe kusema kuwa la kale ndilo bora. Mkereketwa wa matini ya mwaka 1977 husahau kuwa matini ile ni ya anayesoma Kiingereza. Bila mimi kutafsiri, watoto wa boma wangekuwa nje ya pango. Toleo la picha linamruhusu hata asiyejua lugha aingie, ila linadai mashine ya bei ambayo boma halina. Kila toleo linafungua mlango mmoja na kufunga mwingine, na mlango unaofungwa mara nyingi ni wa masikini.

Lugha nayo ina siri zake. Matini ya zamani ilisoma herufi tano za mwanzo tu za kila neno. Kwa Kiingereza zinatosha, kwani mzizi wa neno hukaa mbele. Kwa Kiswahili mbele hukaa viambishi. “Ninafungua” na “ninafunga” vyote vingekatwa vikawa “ninaf”, na mlango usingejua la kufanya. Tungelazimika kuamrisha tu: fungua, funga, ingia. Kumbe hata uwezo wa kusema “mimi” ulipimwa kwa kipimo cha lugha nyingine. Anayetaka kuutoa mchezo huu kwa Kiswahili hatatafsiri maneno peke yake, atalazimika kugusa mifupa.

Wala kugusa mifupa si dhambi. Shaaban Robert alipotoa Adili na Nduguze mwaka 1952 alikuwa anakitoa upya kisa cha Alfu Lela Ulela, cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Mbwa waliopigwa mijeledi kila usiku wakawa manyani, na majina yakageuka kuwa sifa: Adili, Hasidi, Mwivu. Hakuhifadhi, wala hakupamba. Alikihamisha kisa kikaishi nyumba nyingine, na wasomaji wengi hawajui hata kuwa kilihama. Hiyo ni njia ya tatu, na nadhani ndiyo iliyo yetu.

Hitimisho

Tumeona kuwa Colossal Cave imepita mikono mingi, na kila mkono umeamua jambo. Crowther aliligeuza pango kuwa maneno, Woods akayazidisha, Roberta Williams akayageuza picha, Raymond akayarudisha yalivyokuwa. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyemaliza. Msimamo wangu ni kuwa toleo jipya lipimwe kwa swali la koko: anayesema ni nani, na anamwambia nani? Picha kuwa nzuri hakutoshi.

Watoto wale waliniuliza nitarudi lini tumalizie pango. Nimewaahidi likizo ijayo. Lakini koko naye ameahidi kuwa jioni hiyo atatangulia yeye, na hadithi itakuwa ya msitu. Nitabeba daftari, na nitaandika pia maswali watakayomuuliza, maana nahisi bila hayo nitakuwa nimeandika nusu tu.