Wati za Katoni na Betri ya Oltepesi

Wacha niseme kitu ambacho wauzaji wengine pale Luthuli Avenue hawatapenda: ile namba kubwa ya wati kwenye katoni haikusaidii kuchagua spika. Na sisi wa Oltepesi ndio tunaumia zaidi, maana nyumba nyingi huku ni za sola na betri ya volti 12. Mtu anauza mbuzi wawili, anaenda Nairobi, anarudi na spika imeandikwa wati 500, anaiunga kwa ampu ndogo ya gari, na sauti inatoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Halafu analaumu betri.

Ukijua historia utaelewa. Mwaka wa 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walieleza spika ya koili inayocheza kwenye nguvu ya sumaku. Spika karibu zote za leo ni wajukuu wa hiyo. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kama Radiola 104, na ampu yake ikiwa ndani ya sanduku lile lile. Mnunuzi hakuwa na kazi ya kulinganisha chochote, bahati yake. Ampu za wakati huo zilikuwa za valvu, wati chache na bei kali, kwa hivyo mafundi walitia bidii kwa spika. Sinema za miaka ya 1930 zilikuwa na spika zenye mdomo wa tarumbeta, kubwa kama kibanda, na wati chache zilijaza ukumbi mzima.

Halafu mwaka wa 1954 akaja Edgar Villchur na boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi. Besi nzito kutoka kwa rafu ya vitabu! Lakini spika hiyo ilikuwa mlafi wa wati. Watu hawakujali sana, kwa sababu miaka ya 1960 transista zilifanya wati kuwa rahisi. Hapo mashindano ya namba yakashika moto, pamoja na uongo, hadi mwaka wa 1974 serikali ya Marekani ikaweka sheria ya jinsi ya kupima na kutangaza wati za ampu za nyumbani. Sisi bado tunauziwa PMPO. Geuza hiyo woofa usome nyuma: kama inakula wati 60 za stima, zile 5000 za katoni zinatoka wapi, mbinguni?

Sasa rudi huku kwetu. Ampu ya volti 12 isiyo na saketi ya kupandisha volti, ikiungwa kwa spika ya omu 4, haivuki kama wati 18 kabla sauti ianze kukwaruza, hata iandikwe nini mgongoni. Kwa omu 8 ni nusu ya hapo. Yaani kwa upande wa wati, Oltepesi iko karibu na 1930 kuliko tunavyodhani. Namba ya kuulizia ni desibeli: spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1, ukiipima kutoka mita 1. Spika ya desibeli 92 kwa wati 10 inalia sawa na ya 86 iliyopewa wati 40. Niliacha chuo, lakini hiyo hesabu haitaki digrii.

Kuhusu omu, ampu nyingi za valvu zilikuwa na transfoma yenye sehemu za kuunga omu 4, 8 na 16, ndiyo maana wazee wanasisitiza zilingane. Ya transista haitaki zilingane, inataka tu omu zisishuke chini ya zile zilizoandikwa kwa ampu. Spika mbili za omu 4 ukiziunga sambamba ni omu 2, na ampu nyingi ndogo hufia hapo, hasa siku ya harusi.

Na wasee, acheni kugeuza masanduku ya santuri ya zamani kuwa viota vya kuku. Spika zake zilitengenezewa ampu za valvu za wati chache, kwa hivyo zinafaa sola vizuri. Pima omu kwanza tu, kwa sababu za Kiingereza mara nyingi ni omu 3. Kama guka au koko wako analo, muombe mapema. Wangu nilimwomba, akasema kuku wake hawajalalamika.