Pepo Anayelinda Diski za Mbali

Ukiangalia orodha ya programu zinazoendelea kwenye seva ya Linux, unaweza kukuta jina hili: iscsid. Halina dirisha, halikuulizi kitu. Lakini kama diski za seva hiyo ziko chumba kingine kabisa, usalama wa data yako unamtegemea huyu.

Tuanze na hiyo "d" ya mwisho. Inasimama badala ya neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake pepo, na si lazima awe mbaya. Mwaka 1963, kundi la Fernando Corbató pale MIT, Marekani, liliziita hivyo programu zinazofanya kazi chinichini. Wazo waliliazima kwa mwanafizikia James Clerk Maxwell, ambaye mwaka 1867 aliwaza kiumbe mdogo anayekaa mlangoni akichambua molekuli za gesi bila kuchoka.

Sasa njoo kwenye diski. SCSI, lugha ya kuziamrisha diski, ilipitishwa kuwa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986. Shida ilikuwa kebo: ya kawaida iliishia mita 6, na hata aina iliyofika mbali zaidi haikuvuka mita 25. Miaka ya 1990 ikaja Fibre Channel, ikaondoa kikwazo hicho, ila ilitaka kadi zake na swichi zake. Gharama hizo! Ndipo wahandisi, wakiwemo wa IBM na Cisco, wakajiuliza: kwa nini amri hizi zisipite kwenye mtandao wa kawaida wa TCP/IP? Jibu lilichapishwa Aprili 2004: RFC 3720, yaani iSCSI.

Kumbe hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Kebo iliyochomekwa haikatiki ovyo, mtandao hukatika. Nani ataunganisha tena? Kwenye Linux, mradi wa Open-iSCSI uligawa kazi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, hubeba data. iscsid hujitambulisha kwa seva ya diski na kuunganisha upya.

Ndiyo maana ukimzima iscsid, data huendelea kupita, na unaweza kudhani hana kazi. Subiri mtandao ukatike. Kwa mpangilio wa awali, kerneli hushikilia maombi ya kusoma na kuandika kwa sekunde 120. Pepo akiwahi kuunganisha, programu zako zitaona kukwama kidogo tu. Muda ukiisha, zinarudishiwa makosa, na ulichokuwa unaandika kinaweza kupotea.

Je, kama iscsid mwenyewe amehifadhiwa kwenye diski hiyohiyo iliyokatika? Atasomwaje ili aiokoe? Waliomtunga waliliona hilo: anapoanza tu, huiomba kerneli imfungie ndani ya RAM, asitolewe. Mwokoaji hawezi kuacha vifaa vyake ndani ya nyumba inayoungua.

Kwa hiyo ukimkuta pepo huyu ametulia kwenye seva, usimzime kwa sababu tu huoni anachofanya. Kazi yake inaanza pale mtandao unapokatika.